ASHIKI: Asili ya Neno, Maana Yake, na Mafundisho Yake kwa Nyumba za Wakristo

Walimu wawili wameleta swali moja. Katika masomo yao ya Kiingereza wamekuta neno infatuation, nao wataka kujua Waswahili huliitaje. Mmoja amelifasiri "upendo mkubwa", na mwenzake amelifasiri "tamaa mbaya". Wote wawili wamekaribia, walakini hakuna aliyefika. Kwa maana jambo lenyewe si upendo bado, wala si tamaa tupu. Ni ile hali ya mtu kupenda hata akili ikamtoka, akawa haoni wala hasikii. Kiswahili kina neno lake kwa hali hiyo, nalo ni ashiki.

Yafaa tulichunguze neno hili, kwa kuwa jambo lenyewe limo katika kila mtaa na karibu kila nyumba. Jambo lisipoitwa kwa jina lake huitwa kwa jina la jingine. Kijana akiita ashiki upendo, huoa kwa haraka na kujuta polepole. Na mzazi akiita ashiki uovu, humfukuza mwana ambaye angeweza kuongoka kwa neno moja jema.

Asili yake

Ashiki ni neno lililotoka katika Kiarabu, likapokewa na watu wa pwani pamoja na maneno mengine ya moyo, kama huba, mahaba, shauku na hawaa. Waarabu husema ishq. Wanachuoni wao wa zamani walipotafuta shina la neno hili, walilifungamanisha na jina la mmea mmoja utambaao. Walisema kwamba mmea huo huwa kijani kibichi, kisha hunyauka, ukawa mwembamba na kugeuka rangi ya manjano. Basi mtu aliyeshikwa na ashiki, walisema, amefanana na mmea huo: jana alinawiri, leo amekonda. Maelezo haya yamo katika kamusi kubwa ya Ibn Manzur iitwayo Lisan al-Arab, naye Ibn Manzur alifariki mwanzoni mwa karne ya 14.

Waganga nao walikuwa na neno la kusema. Ibn Sina, mganga mashuhuri aliyezaliwa karibu na Bukhara na kufariki mwaka 1037, aliandika kitabu kikubwa cha uganga kiitwacho Kanuni. Humo aliiweka ashiki pamoja na magonjwa ya kichwa, karibu na ugonjwa wa huzuni nzito. Akaeleza dalili zake: macho kuzama ndani, usingizi kupotea, na kuvuta pumzi kwa kuugua. Tena akafundisha hila ya kumtambua ampendaye mgonjwa, ikiwa mgonjwa anaficha. Mganga amshike mkono penye mshipa wa damu, kisha ataje majina mengi, moja baada ya jingine. Mapigo yabadilikapo kwa ghafula, jina limepatikana. Na dawa yake? Alisema, ikiwa sheria na dini zaruhusu, wawili hao waoane. Na ikiwa haziruhusu, mgonjwa apewe mashauri na shughuli za kumgeuza moyo.

Angalieni hapa, ndugu. Mganga huyo alimhesabu kijana wa namna hii kuwa mgonjwa. Hakumcheka, wala hakumpiga. Alimshika mkono.

Majinuni

Watu wa pwani hawasemi ashiki peke yake tu. Husema pia ashiki majinuni, yaani mtu aliyerukwa na akili kwa kupenda. Msemo huu umetoka katika hadithi ya Uarabuni, ihusuyo mtu aliyeitwa Kais, wa kabila la Banu Amir, katika karne ya 7. Wako wanachuoni wasemao kwamba mtu huyo hakuishi hasa, bali ni hadithi tu. Lakini hadithi yenyewe imeenea nchi nyingi, na mwaka 1188 Nizami, mshairi wa Kiajemi, aliitungia utenzi mrefu.

Husimuliwa kwamba Kais alimpenda binti aitwaye Leila. Kama angalinyamaza na kwenda kwa baba yake kwa adabu, huenda angalimpata. Lakini ashiki haijui kunyamaza. Akamtungia mashairi, akalitaja jina lake mbele ya watu wote, hata baba wa binti akaona aibu, akakataa kumwoza. Leila akaolewa na mtu mwingine. Kais akaingia jangwani, akakaa pamoja na wanyama wa mwitu, na watu wakaacha kumwita Kais. Wakamwita Majnun, yaani mwenye wazimu.

Neno hilo nalo lina mafundisho. Shina lake katika Kiarabu ni kufunika au kuficha. Ndilo shina la neno jini, kiumbe asiyeonekana. Majinuni basi ni mtu aliyefunikwa akili. Na tukitazama Kiswahili chetu cha asili, twaona ya kuwa babu zetu walifikiri vivyo hivyo: wazimu na mzimu ni maneno ya shina moja. Waarabu na Wabantu, bila kuulizana, walimtazama mtu aliyepotewa na akili wakasema: huyu hayuko peke yake, ameingiliwa na kitu.

Matumizi yake katika Kiswahili

Sasa tulitazame neno lilivyo vinywani mwa watu. Ashiki yaweza kuwa jina la hali yenyewe, na yaweza kuwa tendo. Lakini sikilizeni jinsi watu wasemavyo mara nyingi: "Ameshikwa na ashiki." Hushikwa, kama mtu ashikwavyo na homa. Juu ya upendo hatusemi hivyo. Twasema mtu anapenda, yeye mwenyewe ndiye atendaye. Sarufi peke yake yatufundisha tofauti: upendo hutendwa na mtu, bali ashiki humtenda mtu.

Tuitenge pia na jamaa zake. Tamaa ni kutaka kupata, iwe mali, chakula au mtu. Shauku ni kumtaka sana aliye mbali au jambo lisilofika bado, wala si lazima iwe mbaya, maana mama naye ana shauku ya kumwona mwanawe aliye safarini. Hawaa ni mvuto wa nafsi umpelekao mtu huku na huku. Mahaba lina habari ya ajabu. Katika Biblia ya Kiarabu neno hilo ndilo litumikalo kwa upendo mtakatifu aliousifu Mtume Paulo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13. Lilipofika pwani yetu likashuka, likawa neno la mambo ya mume na mke. Kwa hiyo katika Biblia ya Kiswahili twasoma upendo, neno la Kibantu lililo safi.

Na mapenzi je? Neno hili lina pande mbili. Ni kupendana kwa watu, tena ni kutaka kwa moyo. Katika Sala ya Bwana twaomba mapenzi ya Mungu yatimizwe, maana yake yale ayatakayo. Basi Kiswahili chatuambia siri kubwa, ya kuwa kumpenda mtu kweli ni kumtakia mema kwa hiari, leo na kesho, hata siku ambayo moyo hauchemki.

Wazee wetu waliijua ashiki vema ingawa hawakuliita kila mara kwa jina hilo. Walisema: ukipenda, chongo huita kengeza. Yaani mwenye kupenda humwona aliye na jicho moja, akasema ni makengeza tu. Si mwongo, kwa maana ndivyo aonavyo. Akili yake imefunikwa.

Wanawali watano

Turudi kwa neno la walimu wetu. Neno lile la Kiingereza limetoka katika Kilatini, katika neno fatuus, maana yake mpumbavu. Na Warumi walilitumia hata kwa chakula kisicho na ladha. Basi infatuation ni kufanywa mpumbavu.

Neno hilo la Kilatini twaweza kulikuta mahali tupajuapo. Mtakatifu Yeronimo, aliyezisahihisha Injili katika Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, ndilo alilolitia katika Mathayo 25, katika mfano wa wanawali kumi. Wale watano wapumbavu aliwaita fatuae. Tena mfano wenyewe ni wa arusi.

Tuufikiri mfano huo kwa makini. Wale watano walikosa nini? Hawakukosa taa, kwa kuwa wote kumi walikuwa na taa. Hawakukosa moto, kwa kuwa taa zao ziliwaka. Hawakukosa nia ya kumlaki bwana arusi, maana walitoka pamoja na wenzao. Hata usingizi haukuwa tofauti, kwa kuwa wote kumi walilala. Walikosa mafuta ya akiba. Na upungufu huo haukuonekana jioni, taa zote zilipokuwa ziking'aa sawasawa. Ulionekana usiku wa manane, kwa sababu bwana arusi alikawia.

Hivyo ndivyo ilivyo ashiki na upendo. Jioni ya kwanza zafanana kabisa. Macho yang'aa namna moja, maneno ni matamu namna moja, na kijana hasemi uongo anapoapa. Mtu wa nje hawezi kupambanua, wala kijana mwenyewe. Kitu kimoja tu huzitenga, nacho ni kukawia. Upendo una mafuta ya akiba. Ashiki ina utambi na moto tu.

Amnoni na Yakobo

Kitabu Kitakatifu hakikudharau mapenzi ya mume na mke. Umo ndani yake Wimbo Ulio Bora. Walakini kimetuonyesha pia ashiki iishiapo.

Someni nyumbani kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13. Amnoni mwana wa Daudi alimpenda Tamari, dada yake wa mama mwingine, hata akaugua. Kila asubuhi alizidi kukonda. Ni dalili zile zile alizoziandika mganga wa Bukhara baadaye sana. Amnoni alikuwa na rafiki, Yonadabu, mtu mwerevu. Rafiki huyo aliuona ugonjwa, akaulizia sababu yake, kisha badala ya kumponya akamfundisha hila. Tamari aliitwa ampikie mgonjwa mikate. Amnoni alipomkamata, Tamari alisema maneno ya busara: alimsihi asitende jambo hilo, akamwonyesha aibu yao wote wawili, akamwambia aende akaseme na mfalme. Amnoni hakutaka kumsikia. Akamtenda jeuri. Na mara ile ile akamchukia, na chuki yake ikawa kubwa kuliko yale mapenzi ya kwanza. Akamfukuza na mlango ukafungwa nyuma yake.

Yaliyofuata mwayajua. Tamari alikaa ukiwa nyumbani kwa Absalomu ndugu yake. Mfalme Daudi alipopata habari alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alimwadhibu Amnoni. Baada ya miaka miwili Absalomu akamwua Amnoni. Nyumba nzima iliharibika kwa sababu ya ashiki ya mmoja, hila ya rafiki, na kunyamaza kwa baba.

Sasa mtazameni Yakobo katika Mwanzo, sura ya 29. Alimpenda Raheli, akamtumikia Labani miaka saba kwa ajili yake, nayo ikawa machoni pake kama siku chache. Moto ulikuwako kwa Yakobo pia, tena mkali. Lakini ulikuwa na mafuta. Amnoni hakuweza kungoja hata ruhusa ya mfalme. Yakobo aliweza kungoja miaka saba akichunga kondoo. Ngoma ivumayo sana haidumu, bali moto wa kuni nzuri huiva chungu.

Tusiwaite wapumbavu

Hapa nina neno kwa wazazi na wazee wa kanisa. Katika Mathayo 5 Bwana wetu ametuonya vikali tusimwite ndugu yetu mpumbavu. Katika Kilatini neno lililokatazwa hapo ni lile lile fatue. Basi hata kama jambo lenyewe ni upumbavu, hatukupewa ruhusa ya kumtupia mtu jina hilo usoni.

Katika mtaa mmoja niujuao alikuwako kijana seremala, mtu wa kazi njema, aliyeshikwa na ashiki ya binti mmoja. Alipoteza usingizi, akawa apitapo nyumbani kwao mara tatu kwa siku. Baba yake na wazee wakamsimamisha mbele ya watu baada ya ibada, wakamwita mpumbavu, na watu wakacheka. Akakatazwa hata kulitaja jina la binti. Hakuna aliyemwuliza neno lo lote. Hakuna aliyemwambia: ngoja hadi mavuno, kisha tutakwenda kuposa. Na binti hakuulizwa kabisa. Kabla mwezi haujaisha walitoroka wote wawili usiku. Ashiki ile ilidumu masika moja. Kijana alikwenda mji mwingine kutafuta kazi asirudi, naye binti akarudi kwa mama yake na mtoto mgongoni.

Watu wakisimulia habari hii husema, "Yule kijana alikuwa mpumbavu." Lakini alipaye deni si kijana, wala si wazee waliocheka. Ni yule mwanamke aendaye kisimani alfajiri, na mtoto aulizaye baba yu wapi. Kama vile Tamari, yeye aliyesikilizwa kidogo ndiye aliyebeba mzigo mkubwa.

Yatupasayo

Kwanza, tuliite jambo kwa jina lake. Mzazi na aseme na mwanawe kwa upole, faraghani: "Mwanangu, hii ni ashiki. Si aibu kuwa nayo, wala si upendo bado. Yaweza kuwa upendo. Tungoje tuone." Kijana akipewa jina la ugonjwa wake, nusu ya hofu yake huondoka.

Pili, tusimnyime njia ya kungoja. Babu zetu walikuwa na mshenga, na posa, na kuulizia ukoo, na mahari. Kila hatua ilikula siku, na siku hizo ndizo zilizoonyesha mafuta ya taa. Kanisa nalo lina hekima hiyo. Mtaguso wa Laterani wa mwaka 1215 uliagiza ndoa zitangazwe kabla ya kufungwa, na Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ukaagiza zitangazwe mara tatu. Vijana huona matangazo hayo kuwa kizuizi. Waambieni kwamba ni ule usiku wa kumngoja bwana arusi.

Tatu, kijana na aulizwe maswali yenye kufumbua macho. Binti huyu akikasirika hufanyaje? Aogopa nini? Apenda kazi gani? Akiugua miaka mitano, utamwosha? Mwenye ashiki huweza kueleza macho na mwendo wa binti kuliko mshairi, lakini maswali haya humshinda, kwa sababu hajamjua. Amejua furaha yake mwenyewe tu. Akijibu, "Sijui," na aende akajifunze. Na binti naye aulizwe vivyo hivyo, na jibu lake lipokewe kama jibu.

Nne, kila kijana na atafute rafiki asiye Yonadabu. Rafiki mwerevu aweza kukuonyesha njia ya kupata ukitakacho. Rafiki mwema atakuuliza kwanza kama chafaa, na nani ataumia.

Tano ni neno kwa waliooana. Wengi huona kwamba ule moto wa mwanzo umepungua, wakasema, "Mapenzi yamekwisha." Sivyo. Huenda iliyokwisha ni ashiki, na sasa ndipo mapenzi yaanzapo, yaani kutaka kwa moyo. Mume amwamkiaye mkewe mgonjwa usiku na kumchemshia maji hana macho ya Majinuni, na pengine anapiga miayo. Walakini taa yake ingali inawaka, na ni saa ya manane.

Mungu azijaze mafuta taa za vijana wetu, awape wazee ulimi wa upole, na kuwalinda mabinti zetu wasilipe madeni ya wengine.